Beringi Namba 6205

Ndugu msomaji, nianze na kitu chenyewe, maana nisipokieleza utanipotea njiani. Ni chombo cha kupandwa kama pikipiki. Kina usukani, kiti kirefu, na injini mbele chini ya boneti. Ila hakina gurudumu hata moja la kukanyaga ardhi. Mbele kina viatu viwili virefu vya kutelezea, nyuma kina mkanda mpana wa mpira unaozunguka kama wa katapila. Kinatembea juu ya theluji, na kikikasirika kinakwenda kasi kuliko basi la Moshi. Wenyeji wa huku wanakiita sledi basi. Mama nilipompelekea picha aliuliza, "Sasa mwanangu, hii ni pikipiki au ni trekta?" Mimi nakiita pikipiki ya theluji, na asiyetaka alete jina lake.

Niko Marekani, jimbo la Minnesota, kaskazini kabisa karibu na mpaka wa Canada. Usinionee wivu. Mamtoni ya kwenye picha siyo hii. Hapa ni misitu, maziwa na watu wachache wasiopenda maneno mengi. Katika jimbo hili hili, kwenye kijiji kiitwacho Tower, tarehe 2 Februari 1996 kipimo kilishuka hadi nyuzi 51 chini ya sifuri, na hiyo ndiyo rekodi ya Minnesota nzima. Si kila siku inakuwa hivyo, lakini nyuzi 25 au 30 chini ya sifuri siyo habari ya kumwamsha mtu. Sasa piga picha: umeharibikiwa na chombo katikati ya ziwa lililoganda, usiku, nyumba ya kwanza iko kilomita kumi. Hapo hakuna utingo wa kusukuma, hakuna "bro nisaidie". Unaanza kuhesabu vidole vyako, bado ukiwa unavisikia.

Chombo hiki kina ukoo ninaoupenda. Katika kijiji cha Valcourt, jimbo la Quebec huko Canada, alikuwepo fundi wa gereji aitwaye Joseph-Armand Bombardier. Enzi zake barabara za vijijini hazikuwa zikifagiliwa theluji. Msimu wa baridi ukiingia, gari linawekwa mpaka msimu uishe. Mwaka 1934 mtoto wake Yvon, mwenye miaka miwili, aliugua tumbo, na kwa theluji ile haikuwezekana kumfikisha hospitali. Akafa. Bombardier alikuwa amekwisha anza kuhangaika na magari ya kupita kwenye theluji tangu ujanani, na baada ya msiba ule hakuacha. Mwaka 1937 akapata hataza ya mkanda wake na gurudumu lenye meno la kuuzungusha, akaanza kuuza magari makubwa ya kubeba watu. Kile kidogo cha kupanda kama pikipiki, Ski-Doo, kilitoka mwaka 1959. Huku Minnesota nako, katika mji wa Roseau, mafundi wa karakana iliyokuja kuwa Polaris walikuwa wameunda cha kwao katikati ya miaka ya 1950. Ninachotaka ukione ni hiki tu: vitu hivi vilizaliwa gereji, kwa watu wenye oili kwenye kucha.

Turudi nyumbani. Mzee mwenye nyumba ninayopanga ana miaka 78 na magoti yasiyokunjika. Pikipiki yake ya theluji ndiyo punda wake: inamvutia kuni, inampeleka kwenye kibanda chake ziwani anakovua samaki kupitia tundu kwenye barafu. Msimu uliopita ilianza kulia nyuma, mlio mkavu kama mlango wa stoo, na ikiruka tuta inamgonga mgongo. Alikwenda kuulizia gereji, akatajiwa bei ya kushusha na kuhudumia saspensheni ya nyuma, akarudi kimya. Siku mbili baadaye ananiuliza, baba yako si ulisema ni fundi? Tukapatana. Vipuri juu yake, kazi juu yangu, na kodi ya Desemba atanipunguzia dola 200. Hela hiyo sikutaka hata kuishika. Nilikwisha ipangia kazi Dar.

Baba yangu ni fundi wa Gerezani. Nasema "ni" makusudi. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa akifungua magari chini ya mwembe mmoja nyuma ya maduka ya vipuri, na sisi watoto wake tumesoma kwa bolti zile. Mwaka 2022 alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulirudi kiasi, mguu ukafuata, ila maneno hayakurudi. Anaelewa kila kitu, lakini akitaka kusema "chai" inatoka "kile… kile cha…" halafu anakunja uso na kuangalia ukutani. Jina la mjukuu wake, mtoto anayelala naye chumba kimoja, halitoki. Jina langu linatoka siku moja moja. Mtaalamu anayemfanyisha mazoezi ya kuongea anataka kulipwa kila wiki, na dada alikuwa amekwisha punguza ziwe mara mbili kwa mwezi. Zile dola 200 zilikuwa za huko.

Dada ndiye aliyesema, mpigie ukiwa kazini, atazame. Jumamosi ya pili ya Novemba, saa mbili asubuhi kwangu, saa kumi na moja jioni kwao, nikaiegemeza simu kwenye kopo la rangi. Baba akatokea amevaa fulana, amekaa barazani. Mzee mwenye nyumba akainama kwenye simu, akapunga mkono. Baba, ambaye ana miaka 69, alimtazama yule mzee mwenye mvi, akasema taratibu lakini vizuri kabisa: "Shikamoo." Halafu akanyamaza, anasubiri. Bwana wee, ikabidi nimfundishe Mzungu wa miaka 78 kuitikia "marahaba" palepale, maana baba hakuwa tayari kuendelea na kazi kabla ya salamu kujibiwa.

Saspensheni ya nyuma ya chombo hiki inakaa ndani ya mkanda, kama mkono ndani ya soksi. Ina reli mbili za aluminiamu zinazolala sambamba, mikono miwili ya chuma inayoziunganisha na bodi juu, shokapu mbili, springi mbili nene za kujipinda, na magurudumu madogo yanayobeba mkanda. Yote inashikwa na bodi kwa bolti nne tu, mbili kila upande. Ukizitoa hizo nne, mgongo mzima wa nyuma unatoka kama kifuko cha mbegu. Hivyo ndivyo kitabu kinavyosema. Kitabu ni rahisi siku zote.

Kwanza tulipunguza mvuto wa mkanda: unalegeza bolti ya ekseli ya nyuma kabisa, halafu unarudisha nyuma skrubu mbili za kurekebishia, moja kila upande. Kisha springi. Hapa nikuombe kitu kimoja, wewe unayeweza kushawishika kujaribu: springi ya namna hii imekaa imekasirika hata chombo kikiwa kimelala, na mguu wake ukichomoka unavunja kiganja. Tuliiachia kwa kifaa chake, uso pembeni, mzee akiwa amesimama mbali kwa amri ya baba. Amri yenyewe ilikuwa kiganja kilichosukuma hewa mara tatu.

Ndipo tukafika kwenye zile nne. Kila mkono una shafti inayopita ndani yake, na bolti zinaingia kwenye shafti kutoka kulia na kushoto. Nilikuwa nimekwisha kupachika soketi kwenye bolti ya kwanza, nimekaza msuli, baba akasema, "A-a."

Nikasimama. Akainua vidole viwili.

"Mbili," alisema. "Legeza… mbili. Halafu toa."

Dada alikuwa nyuma yake na sahani. Nilimwona akisimama.

Fikiria mwenyewe utaona alichokuwa anakiona. Ukiitoa bolti ya kulia yote, ile shafti inabaki huru. Ukienda kushoto kufungua, bolti na shafti vinazunguka pamoja, na unaweza kuzungusha mpaka Krismasi. Kwa hiyo unazilegeza zote mbili kidogo wakati bado zinasaidiana, ndipo unazitoa. Kitabu kiliandika hilo ukurasa wa mbele zaidi, kwenye kisanduku cha tahadhari. Baba hajawahi kuiona mashine hii maishani mwake. Theluji kwake ni ile ya kwenye friji. Lakini shafti yenye bolti mbili anaijua, awe ameikuta kwenye Land Rover au kwenye mashine ya kusaga, na alijua itafanya nini kabla haijafanya.

Mkono wa mbele ulifunguka kwa adabu. Wa nyuma uligoma. Kutu ilikuwa imeushika, bolti ya kushoto ikawa inazunguka na shafti yake hivyohivyo. Nikanyunyizia mafuta ya kulegeza, tukanywa kahawa nusu saa. Baba hakukata simu. Niliporudi alisema "kamata", akaonesha ngumi iliyobana. Koleo la kujifunga likaingia kwa shida pale penye uwazi, likaishika shafti, na bolti ikatoka na mlio ambao mzee mwenye nyumba aliufananisha na risasi.

Baada ya hapo tulikilaza chombo ubavu juu ya maboksi, tangi likiwa karibu tupu na bomba la petroli limefungwa. Hita ya gesi tuliizima na mlango mkubwa tukauacha wazi, baridi iingie tu. Petroli na moto haviwekwi chumba kimoja, na moshi wa hita kwenye gereji iliyofungwa unaua mtu akiwa anasinzia. Tukauvuta mkanda upande, tukachomoa saspensheni mbele kwanza, halafu nyuma. Ikalala sakafuni, chafu, inanuka maji ya zamani.

Hapa niseme jambo kwa wenzangu mnaoandika. Nimesoma hadithi nyingi za vijana wenzetu ambamo gari "linapata hitilafu" na fundi "analirekebisha kwa vifaa vyake". Vifaa gani, ndugu yangu? Hitilafu ya wapi? Tunaogopa neno spana kana kwamba litachafua ukurasa. Tunatafuta neno sanifu la "kidhibiti mtikisiko" wakati kila utingo kuanzia Tandika mpaka Tabora anasema shokapu, na wazee kama baba wanasema shokomzoba, neno tamu ambalo ningelilipia kodi. Asubuhi ile nilihesabu maneno tuliyotumia: bolti, nati, washa, shafti, bushi, beringi, grisi, klipu, reli, jeki. Hakuna hata moja lililotungwa kwa ajili ya theluji, na hakuna hata moja lililoshindwa kazi. Kwa miaka minne sikuandika chochote kuhusu maisha ya huku. Nilikuwa nasema Kiswahili hakina maneno ya mambo ya baridi. Haya.

Nikapitisha simu juu ya kila kipande kama daktari. Chini ya kila reli kuna plastiki ndefu ambayo mkanda unatelezea juu yake. Plastiki hizi zinapozwa na theluji yenyewe. Ukiendesha sana kwenye barafu tupu au lami, hakuna cha kuzipoza, zinachemka na kuyeyuka. Za mzee zilikuwa zimeliwa mpaka chini ya mstari wa alama. Tukatoa skrubu ya mbele, tukazisukuma nyuma kwa nyundo na kipande cha ubao, mpya zikaingia kwa maji ya sabuni. Dakika ishirini, hamna hadithi.

Bushi za mkono wa nyuma zilikuwa zimekauka, na huo ndio ulikuwa mlio wa mlango wa stoo. Kwenye mikono hiyo kuna vichuchu vya kupigia grisi. Grisi ya zamani ilitoka na rangi ya maziwa, dalili kwamba maji yaliingia; unapiga mpaka itoke safi. Na grisi yenyewe iwe ya kuvumilia baridi, maana ile ya kawaida kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri inakuwa kama sabuni ya mche. Shokapu nilizifuta tu na kuzikagua. Fimbo zake hazikuwa na mikwaruzo wala mafuta yanayovuja. Ndani mna gesi ya naitrojeni yenye shinikizo kubwa, na hilo si la kufungulia nyumbani. Baba alipoziona alitikisa kichwa kabla sijauliza.

Magurudumu sasa. Nilikuwa nayazungusha moja moja kwa kidole karibu na simu, asikilize. La kwanza kimya. La pili kimya. La tatu likatoa mlio wa mchanga.

"Hiyo," alisema baba. "Beringi."

Nikatoa klipu ya duara, nikaigonga beringi ikatoka, nikaifuta pembeni panaposomeka namba. Nikasoma kwa sauti: 6205.

Msomaji, baba yangu ambaye asubuhi ileile alishindwa kutaja jina la mjukuu wake alisema, bila kutafuta, bila kukunja uso, kama mtu anayesoma ubao: "Ishirini na tano. Hamsini na mbili. Kumi na tano."

Hivyo ni vipimo vyake kwa milimita. Tundu la shafti 25, kipenyo cha nje 52, upana 15. Beringi yenye namba hiyo ina vipimo hivyo popote duniani, iwe imefungwa kwenye pampu ya maji Mbagala au kwenye gurudumu la pikipiki ya theluji Minnesota. Tulipokuwa wadogo alitufundisha siri ya namba: chukua tarakimu mbili za mwisho, zidisha kwa tano, umepata shafti. 05 ni 25, 06 ni 30. Kanuni inaanzia 04 kwenda juu. Chini ya hapo zina mambo yake, 03 ni 17, lazima ukariri. Akitutuma dukani hatuandikii, anasema namba, tunakimbia tunaiimba njia nzima isidondoke.

Dada alikuwa ameweka sahani chini. Akamwuliza, "Baba, na 6203?"

"Kumi na saba. Arobaini. Kumi na mbili."

"6306?"

"Thelathini. Sabini na mbili… kumi na tisa." Akacheka. Alijua anatahiniwa.

Mzee mwenye nyumba akaniuliza kuna nini. Nikamwambia baba anakumbuka beringi. Akasema mkewe marehemu mwishoni alikuwa anakumbuka nyimbo za kanisani tu, akageuka akaenda kutafuta tambara ambalo lilikuwa mkononi mwake.

Beringi mpya niliziacha nje dirishani usiku kucha zisinyae. Huku friji ni bure miezi sita. Gurudumu nikaliloweka kwenye maji moto lipanuke, nikaigonga beringi kwa soketi kubwa inayokaa kwenye ringi ya nje tu. Ukigonga ya ndani wakati unaipachika kwenye gurudumu, nguvu yote inapita kwenye gololi na umeiua ikiwa mpya. Hilo nalo si la kitabu, ni la mwembeni.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa, isipokuwa lugha inakuwa chafu zaidi. Mashimo manne lazima yalingane na mkanda unasukuma kila upande. Mzee alishika taa, mimi nikashika mengine. Bolti tulizipaka gundi ya kuzuia zisilegee, tukazikaza kwa kipimo cha kitabu, kwa spana yenye kipimo tuliyoazima kwa jirani.

Kukaza mkanda ndiko kunakotaka utulivu. Unatundika uzito wa kilo chache katikati ya mkanda, unapima umening'inia milimita ngapi, unalinganisha na kitabu. Kisha unaunyanyua mkia juu ya stendi imara, unawasha injini na kuuzungusha mkanda polepole, hakuna mtu nyuma, maana ukirusha kitu unakirusha kama manati. Unatazama kama mkanda unapita katikati ya reli au unakimbilia upande mmoja. Mimi nilikuwa nimeinama natazama. Baba kule barazani alikuwa na kioo cha simu tu, kingine chote ni sauti.

"Shoto," alisema.

Sikuwa nimeona kitu. Nikapima kwa rula: kweli, ulikuwa umeelemea kushoto milimita nne hivi. Robo ya mzunguko kwenye skrubu ya kushoto, ukazungushwa tena, ukakaa. Mzee akazima injini. Bolti zote nne zitakaguliwa tena baada ya safari ya kwanza. Nimeandika kwa chaki ukutani, yeye mwenyewe husahau.

Dada ameanza kumpa namba za beringi kila asubuhi kabla ya chai. Siku ya tano alimwonesha mtoto akauliza huyu nani, baba akasema 6205, wakacheka wote, mtoto akiwemo. Jina bado. Mtaalamu wa mazoezi ameambiwa, ameomba orodha ya vipuri.

Mwisho wa mwezi nikatuma zile hela. Jioni baba akapiga mwenyewe, kwa kidole chake, mara ya kwanza tangu augue.

"Kodi," alisema. "Amepunguza… ngapi?"

Nikamwambia dola 200. Akapiga hesabu kimya kwa muda, ya kushusha na kupandisha, beringi mbili, plastiki mbili, bushi, na siku mbili za kazi.

"Ndogo," alisema.